Surface 3 ya mtumba na Linux: nzuri, mradi kerneli iione betri

Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Surface 3, tableti ya Microsoft iliyoingia sokoni mwaka 2015 ikiwa na prosesa ya Atom x7-Z8700, haimo katika orodha ya mashine zinazokubaliwa na Windows 11. Kwa hivyo anayeinunua leo eksi-UK katika maduka ya elektroniki ya Mombasa, iwe Digo Road au Moi Avenue, ana mawili: aendelee na Windows isiyotunzwa tena, au aitie Linux. Tathmini hii ni ya Linux, na sehemu kubwa inahusu kitu kimoja ambacho wengi hukigundua wakiwa tayari wamelipa: asilimia ya betri.

Umbo lake halina ubishi. Skrini ni ya inchi 10.8, pikseli 1920 kwa 1280, maandishi yake makali hata kwa hati ndogo. Uzito ni gramu 622 bila kibodi. Haina feni, kwa hivyo haivuti vumbi wala hewa ya chumvi ndani kama zivutavyo laptopu nyingi za pwani. Ina tundu moja la USB la kawaida, nafasi ya kadi ya microSD nyuma ya kigingi cha kuisimamishia, na inachajiwa kwa micro-USB. Zipo za RAM GB 2 na GB 4. Ya GB 2 iache dukani. Kivinjari chenye tabo tano kinaimaliza.

Sasa tatizo. Unasakinisha Linux, mashine inawaka vizuri, Wi-Fi inashika, mguso unafanya kazi, lakini kwenye ukanda wa juu hakuna picha ya betri. Hakuna asilimia, hakuna onyo, na mipangilio ya umeme inajiendesha kana kwamba mashine ni kompyuta ya mezani. Kitaa cha chaji kinasema tu kwamba umeme umefika, hakisemi umebaki kiasi gani. Mtu anayeandika mauzo ya kibanda Kongowea stima ikiwa imepotea anafanya kazi kipofu: skrini inazimika ghafla betri ikifika chini, na kile ambacho hakijahifadhiwa kimekwenda. Mfumo wa faili wa ext4 una jarida la kujirekebisha na kwa kawaida huamka salama, ila jarida hilo halirudishi safu za hesabu zilizokuwa bado kwenye RAM.

Hapo ndipo hufanywa makosa mawili yanayopingana. La kwanza, fundi anatazama, haoni asilimia, anatoa hukumu kwamba betri imekufa na inataka kubadilishwa. Kwenye Surface 3 hiyo si kazi ndogo, kwa maana kioo kimegandishwa kwa gundi. Lazima kipashwe moto na kubanduliwa polepole, na kupasuka ni rahisi. Kosa la pili ni la mnunuzi aliyesoma kidogo: anaambiwa “ni draiva tu hiyo”, yaani ile programu inayoiwezesha Linux kuzungumza na kifaa, anakubali, kumbe betri kweli imechoka. Kuna njia nyepesi ya kuanza kuyatenganisha. Chomoa chaja. Mashine ikiendelea kuwaka, betri ipo na inatoa umeme, hata kama Linux haioni chochote. Ikizimika papo hapo, hakuna draiva itakayoiokoa.

Chanzo chake kinafaa kueleweka, kwa sababu ukikijua hutapoteza siku kubadilisha mandhari ya eneokazi ukitafuta picha ya betri. Kwenye laptopu ya kawaida kuna kidhibiti kidogo kinachozungumza na betri, na Linux hukiuliza kupitia ACPI, yaani yale majedwali ya maelezo ambayo mtengenezaji ameyaweka ndani ya UEFI, programu ya ndani inayoiwasha mashine. Kerneli, yaani kiini cha Linux, inaita njia mbili, _BIX kwa sifa za betri na _BST kwa hali yake ya sasa, majibu yanakuja, basi. Kwenye Surface 3 njia hizo zipo, lakini zenyewe hazishiki jibu. Zinategemea chipu inayoitwa MSHW0011 iliyo kwenye basi la I2C, nyaya ambazo chipu huzungumziana kwazo, na zinatarajia mfumo endeshi ndio uende ukasome huko kisha uzirudishie jibu. Kama kerneli haina draiva ya kufanya uchukuzi huo, ACPI inauliza na hakuna wa kuitika. Draiva ya betri ya ACPI yenyewe haina kosa. Amekosekana mkalimani wa katikati.

Mkalimani huyo anaitwa surface3_power. Aliandikwa kwa kufuatilia jinsi chipu inavyojibu, na akaingia kwenye kerneli rasmi toleo la 5.8, mwezi wa Agosti 2020. Tarehe hiyo ndiyo ufunguo wa mambo mengi. Chukua aina za Linux zinazojulikana sana, Debian, Ubuntu na Linux Mint. Debian 10 ilitoka na kerneli 4.19. Ubuntu 20.04 na Linux Mint 20 zilitoka na 5.4. Zote ziko nyuma ya mstari. Debian 11 ina 5.10, Ubuntu 22.04 ina 5.15, Debian 12 ina 6.1, Debian 13 ina 6.12, hizi ziko mbele ya mstari. Flashi ya Mint 20 ambayo fundi ameitunza miaka yote, kwa kuwa “haijawahi kumwangusha”, ndiyo inayozaa tableti zisizo na asilimia. Fundi mwenyewe hana ubaya wowote. Ni flashi yake iliyopitwa.

Hata hivyo, kuwa na toleo jipya hakutoshi. Kila anayetengeneza usambazaji wa Linux, kama hizo Debian na Ubuntu, huchagua draiva gani aziwashe anapojenga kerneli, na hii ya Surface 3 inaweza kuachwa. Angalia mwenyewe kwa amri hizi kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri:

uname -r
grep -E 'SURFACE_3_POWER|ACPI_BATTERY' /boot/config-$(uname -r)

Unataka kuona CONFIG_SURFACE_3_POWER_OPREGION=m, na CONFIG_ACPI_BATTERY ikiwa =m au =y. Zote mbili. Herufi m ina maana kwamba draiva ni moduli inayopakiwa inapohitajika, y ina maana imeshonewa ndani. Ukiona maneno “is not set”, kerneli hiyo ilijengwa bila draiva, na hakuna kifurushi cha kawaida utakachosakinisha juu yake kitakachoileta.

Jaribio hili lifanywe dukani, kabla ya pesa kutoka mfukoni. Beba flashi yenye Debian 13 au Ubuntu ya karibuni ya kuendeshea moja kwa moja, na habu ndogo ya USB iwapo muuzaji hana kibodi yake ya Type Cover, maana tundu ni moja na flashi inalikalia. Omba kwa ustaarabu: “Ami, nina flashi yangu hapa. Niruhusu niiwashe dakika tano tu, Windows yako siigusi.” Mwenye bidhaa nzuri hakatai. Mashine ikiwa imezimwa, shikilia kitufe cha kupunguza sauti, bonyeza cha kuwashia, achilia nembo inapotokea; itaamka kwa flashi.

Hapa kuna tahadhari ambayo wengi hawaijui. Usiingie UEFI ya tableti isiyo yako ukazima Secure Boot, kinga inayoruhusu mifumo yenye sahihi inayotambulika tu kuwaka. Surface nyingi zina usimbaji wa diski wa Windows, na ukibadilisha Secure Boot, Windows itadai ufunguo wa uokozi wenye tarakimu 48 ambao muuzaji wa mtumba hana. Debian na Ubuntu zina sahihi zinazohitajika, kwa hivyo jaribu nazo kama mashine ilivyo. Zikikataa kuwaka, mwambie mwenye duka, aamue mwenyewe aguse au asiguse.

Ukishafika kwenye eneokazi, fungua terminali:

ls /sys/class/power_supply/
grep . /sys/class/power_supply/*/uevent

Amri ya kwanza lazima ionyeshe jina linaloanza na BAT. Ikirudi na la chaja peke yake, au isirudi na kitu, jaribu “sudo modprobe surface3_power” kisha rudia. Ya pili inamwaga kila kitu: hali ya chaji, asilimia, volteji, ujazo. Volteji huandikwa kwa sehemu za milioni za volti, kwa hivyo 3780000 ni volti 3.78. Sasa chomoa chaja huku ukitazama. Hali inapaswa kugeuka kutoka Charging hadi Discharging ndani ya sekunde chache. Ikiganda kwenye Charging ilhali waya umeulaza mezani, unasoma namba za zamani. Zima, washa upya, pima tena.

Kisha afya ya betri. Katika ule mmwago kuna mistari miwili, mmoja unaishia FULL, wa pili FULL_DESIGN. Gawa wa kwanza kwa wa pili. Betri ya Surface 3 ikiwa mpya hubeba takriban Wh 28. Tuseme unasoma 21000000 dhidi ya 28000000: hiyo ni robo tatu, na kwa mashine ya umri huu ni nzuri. Chini ya asilimia 60 punguziwa bei au iache. Betri za lithiamu huzeeka haraka zikikaa zimejaa kwenye joto, na Mombasa ya kaskazi, kati ya Januari na Machi, haina huruma na kifaa kilichoachwa kwenye chaja nyuma ya kioo cha duka kuanzia asubuhi hadi jioni. Kagua pia mgongo: weka tableti juu ya kaunta ya kioo, ibonyeze pembe. Ikiyumba, au kioo kikiwa kimeinuka upande mmoja kwa unene wa ukucha, betri imevimba. Hapo asilimia haina maana tena, usiichukue hata kwa bei ya kutupa.

Asilimia ikishapatikana, kitu cha kwanza inachofichua ni chaja mbovu. Chaja asili ni ya W 13: volti 5.2, ampea 2.5. Tableti nyingi za mtumba hufika bila hiyo na muuzaji hukuongezea chaja ya simu ya W 5. Skrini ikiwa imewaka sana na kivinjari kimefunguka, tableti yenyewe hula karibu kiasi hicho hicho, kwa hivyo unaweza kuichomeka asubuhi kwa asilimia 40 na adhuhuri ukaikuta 38. Bila draiva ungesema betri haishiki chaji. Kebo nayo ina mchango wake. Kebo nyembamba ndefu yenye upinzani wa omu 0.3 kwenda na kurudi, ikipitisha ampea 2, inapoteza volti 0.6 njiani, chaja inatoa 5.2, tableti inapokea 4.6. Chukua kebo fupi, isiyozidi mita moja, nene. Na kabla ya kuilaumu, mulika tundu la micro-USB kwa tochi. Hewa yetu ya chumvi huacha ukungu wa kijani kwenye miguu ya shaba. Piga mswaki laini wenye alkoholi ya aisopropili ya asilimia 90 au zaidi, mashine ikiwa imezimwa, uiache ikauke robo saa.

Mashine ikiwa yako, rekebisha UPower, ile huduma inayotoa maonyo na kuzima mashine kwa usalama. Viwango vyake vya kiwandani viko chini mno kwa betri iliyozeeka, kwa sababu betri kama hiyo inaweza kuanguka kutoka asilimia 8 hadi sifuri bila kupitia katikati. Fungua /etc/UPower/UPower.conf kwa sudo, weka:

UsePercentageForPolicy=true
PercentageLow=25
PercentageCritical=15
PercentageAction=10
CriticalPowerAction=PowerOff

Kisha “sudo systemctl restart upower”. Kuzima kabisa ni bora kuliko kulaza: usingizi wa prosesa hizi ni mwepesi, mashine iliyolala inaendelea kunyonya betri, na ukiifunika usiku kwa asilimia 10 alfajiri utaikuta imekauka.

Kama tayari umesakinisha toleo la zamani na hutaki kuanza upya, pandisha kerneli peke yake. Kwenye Ubuntu 20.04 kifurushi linux-generic-hwe-20.04 hukupeleka 5.15, na kwenye 22.04 kile cha linux-generic-hwe-22.04 hukupeleka mbali zaidi. Kwenye Debian ambayo bado inatunzwa tumia hazina ya backports ya toleo lako, yenye vifurushi vipya vilivyoandaliwa kwa toleo hilo, kupata linux-image-amd64 mpya. Vifurushi vya kerneli hula MB nyingi, kwa hivyo usianze ukiwa na bando la kubahatisha. Acha kerneli ya zamani ibaki. Ikitokea mpya haiwaki, utaichagua kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea mashine inapoanza kuwaka. Draiva ikiwa imeachwa nje na usambazaji wako, kuna mradi wa linux-surface unaojenga kerneli mahsusi kwa familia hii ya tableti. Kujijengea mwenyewe pia kunawezekana, kwa “make bindeb-pkg” baada ya kuwasha CONFIG_SURFACE_3_POWER_OPREGION, lakini fanya hivyo kwenye kompyuta yenye nguvu kisha uhamishe vifurushi vya .deb. Ukiiachia Atom kazi hiyo itakula siku nzima, na joto lake juu.

Yaliyobaki kwa haraka. Sauti hufanya kazi, isipokuwa kwenye zile ambazo jina la mtengenezaji ndani ya UEFI limefutika na kuwa OEMB. Soma /sys/class/dmi/id/sys_vendor, na kwa hizo tumia kerneli mpya inayolijua jina hilo bovu. Draiva ya betri haijali jambo hilo, kwani hutambua chipu na haiangalii jina. Kamera usizitegemee.

Kwa hukumu yangu, Surface 3 ya GB 4 yenye afya ya betri kuanzia asilimia 70, ikiwa na Debian 13 na chaja ya W 13, ni tableti bora ya Linux kuliko nyingi zinazouzwa karibu nayo kaunta moja. Na hizo za jirani zinastahili neno, maana mara nyingi muuzaji atakuvutia huko kwa bei.

Tableti ndogo za Windows zenye Atom Z3735F zina tatizo la jina moja lakini la sababu nyingine. Nyingi zinasimamiwa na chipu ya AXP288, ambayo kwenye ACPI hujitambulisha kama INT33F4. Kwa hizi kerneli huiweka kando kwa makusudi draiva ya betri ya ACPI, na kutegemea draiva ya chipu yenyewe, axp288_fuel_gauge. Ndiyo maana mtu aliyejenga kerneli yenye ACPI_BATTERY pekee anapata patupu: ile aliyoiwasha imeambiwa ikae kimya, ile inayotakiwa hakuiwasha. Vinavyohitajika ni MFD_AXP20X_I2C, AXP288_FUEL_GAUGE, AXP288_CHARGER, AXP288_ADC na EXTCON_AXP288, pamoja na I2C_DESIGNWARE_BAYTRAIL. Hicho cha mwisho husahaulika sana. Basi la I2C linalofika kwenye chipu hiyo linatumiwa pia na kitengo cha umeme kilicho ndani ya prosesa, na bila makubaliano ya zamu kati yao usomaji hufeli au mashine huganda.

Kujua una chipu gani: “ls /sys/bus/acpi/devices/ | grep INT33”. INT33F4 ni AXP288, INT33FD ni Crystal Cove ya Intel. Zile zilizotoka kiwandani na Android juu ya Intel zina ACPI yenye maelezo ya uongo, na ziliwekewa moduli yake, x86-android-tablets, kuanzia kerneli 5.17 ya Machi 2022. Moduli hiyo huorodhesha modeli moja moja, kwa hivyo tableti isiyo na jina humo haitapata msaada wake. Nyingi za Z3735F pia zina UEFI ya biti 32 ingawa prosesa ni ya biti 64, na flashi isiyo na bootia32.efi ndani ya folda ya EFI/BOOT haitaonekana kabisa. RAM yake haizidi GB 2.

Na ukiona axp288_fuel_gauge inasoma asilimia 100 muda wote, usiruke kuisifu betri. Acha tableti iwake bila chaja kwa nusu saa huku terminali ikiwa na “watch -n 5 cat /sys/class/power_supply/*/voltage_now”. Volteji ikishuka kutoka 4150000 kuelekea 3900000 ilhali asilimia haijasogea, amini volteji.